Duka Lilifungwa, Bidhaa Ikabaki Ndani: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Albamu ya Bill Withers ya 1974

Katika toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu albamu ya Bill Withers, mwimbaji wa Marekani, iitwayo +'Justments, iliyotoka mwaka wa 1974, nikasema kwamba kati ya kazi za souli na fanki, muziki wa Wamarekani weusi, ninazozijua, ni chache zilizo bora kama hiyo na zikapuuzwa kama ilivyopuuzwa hiyo. Barua zilizofika zimenionyesha kwamba aya moja haikutosha, kwa hiyo safari hii ukurasa mzima nauacha kwa jambo hilo hilo.

Mwalimu, shikamoo. Katika kupanga vitu vya marehemu baba, aliyefanya kazi bandarini Kilindini hapa Mombasa kwa miaka mingi, nimekuta kasha la santuri, na miongoni mwazo imo hiyo uliyoiandika. Namjua Bill Withers kwa zile nyimbo mbili tatu ambazo kila mtu anazijua, lakini katika nyimbo 10 zilizoorodheshwa hapa sikuutambua hata mmoja. Je, ni yeye yule yule? Na jina hili lenye alama ya kujumlisha lina maana gani? (Binti wa Tudor)

Marahaba, mwanangu, na Mola amrehemu mzee. Ndiye yule yule aliyeimba Ain't No Sunshine na Lean on Me, na ulichokikuta kashani ni kazi aliyoifanya miaka miwili tu baada ya wimbo huo wa pili kushika nafasi ya kwanza nchini Marekani.

Ili uisikilize vizuri, inakufaa kwanza umjue aliyeimba. Withers alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 huko Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, akakulia Beckley, mji wa karibu, akiwa mtoto mwenye kigugumizi aliyefiwa na baba yake mapema. Alitumikia jeshi la majini kwa miaka 9, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha California akitengeneza vyoo vya ndege, na hata albamu yake ya kwanza, Just As I Am, ilipotoka mwaka wa 1971, picha ya jalada ilimwonyesha akiwa kazini, kisanduku chake cha chakula cha mchana mkononi. Alikuwa na miaka 32, umri ambao wafanyabiashara wa muziki huuona kuwa umechelewa. Mimi nauona kuwa ndio uliomfaa, kwa sababu alipoanza kuimba alikuwa tayari ana la kusema, na hakuhitaji kupiga kelele ili aliseme.

Jina la albamu ni kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya marekebisho, yale ambayo mtu huyafanya ili maisha yaendelee kumkaa mwilini, kama fundi cherahani apunguzavyo bega hapa na kushusha upindo pale mpaka kanzu ikamwenea mwenyewe. Alama ya kujumlisha naisoma hivi: kwamba mtu aliyekata na kupunguza kwa busara mwishowe amepata zaidi ya alichokuwa nacho.

Na marekebisho hayo hayakuwa ya kubuni. Withers alimwoa mwigizaji Denise Nicholas mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata wakaachana, mwaka ule ule wa albamu hii. Upande wa pili utakuta wimbo Can We Pretend, ambao hakuuandika yeye bali aliuandika Denise. Fikiria jambo hilo kidogo kabla ya kuuweka: mume ambaye nyumba yake inavunjika anasimama mbele ya maikrofoni na kuyaimba maneno ya mke, tena maneno yanayouliza kama inawezekana kujifanya kwamba mambo si kama yalivyo. Gitaa unalolisikia likimzunguka pale ni la José Feliciano, yule kipofu mzaliwa wa Puerto Rico, naye anapiga kwa upole wa mtu aliyeingia nyumba yenye ugomvi na hataki viatu vyake vilie sakafuni. Nimeusikia wimbo huo mara nyingi mno na bado siwezi kuuacha ucheze huku nikifanya kazi nyingine.

Upande wa kwanza unafunguliwa na You, wimbo wa zaidi ya dakika 5 ambao ndani yake mtu anamtolea mwenziwe hesabu ya yote yaliyopita kati yao, bila kupandisha sauti. Baada yake unakuja The Same Love That Made Me Laugh, na jina lenyewe linatosha: ni penzi lile lile lililomchekesha ambalo sasa linamliza. Kisha ngoma zinanyamaza, na katika Stories anabaki mwimbaji na kinanda, pamoja na kinubi cha Dorothy Ashby, mwanamke wa Detroit aliyekiingiza kinubi katika jazi wakati ambapo wengi walikiona kuwa chombo cha kumbi za watu wakubwa peke yake. Wewe uliyekulia mji ambao kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, husikika harusini hutapata taabu kuelewa kinubi hicho kinafanya nini, kwa maana hakijazi nafasi, kinaitawanya tu, tone baada ya tone, na kumwachia mwimbaji aseme kwamba kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ana kisa chake.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa baba yako alikuwa mtu wa bandari na huenda alizifuata habari za Afrika. Mwezi Septemba mwaka huo huo wa 1974 Withers alifika Kinshasa, katika tamasha la siku tatu lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, akapanda jukwaa moja na James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Franco na T.P.O.K. Jazz. Mbele ya umati ule uliokuja kutikiswa, aliketi na gitaa lake akaimba Hope She'll Be Happier, wimbo wa polepole kuliko karibu yote aliyokuwa nayo, na watu wakamsikiliza. Aliyefanya hivyo uwanjani ndiye huyo huyo utakayemkuta katika santuri yako.

Bwana mwandishi, nimesoma sifa zako na nikaitafuta albamu hiyo. Sikuona ajabu. Haina wimbo hata mmoja wa kuimba pamoja, mingi ni ya huzuni, na fanki uliyoahidi sikuiona. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama ingekuwa nzuri, miaka hii yote isingehitaji mtu wa kuitembeza. (Msomaji wa Ganjoni)

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuitafuta kabla ya kuipinga. Methali yako naikubali kwa moyo wote, ila ina sharti ambalo wahenga hawakuona haja ya kulitaja: kizuri chajiuza maadamu duka liko wazi. Duka hili lilifungwa.

Albamu zote za mwanzo za Withers zilitolewa na kampuni ndogo iliyoitwa Sussex, mali ya Clarence Avant. Kampuni hiyo ilipata matatizo ya fedha na ya kodi, na ilipofika mwaka wa 1975 ikawa imekufa. Withers alikuwa amekwisha gombana nayo; mwenyewe amesimulia katika mahojiano kwamba kwa hasira alizifuta kanda za albamu nzima aliyokuwa ameirekodi, jambo ambalo kila nikilikumbuka huniuma, kwa sababu hakuna atakayejua kilichokuwamo. Akahamia Columbia, na huko ndiko alikotoa Lovely Day mwaka wa 1977. Kampuni mpya ilikuwa na bidhaa zake mpya za kutangaza. Kazi za Sussex zilizokuwa na nyimbo zilizopendwa na wote ziliokolewa na nyimbo hizo, ambazo redio haikuacha kuzipiga. +'Justments, isiyokuwa na wimbo wa namna hiyo, ikabaki kama mtoto wa mke aliyeachwa, haikuchapishwa tena kwa miaka mingi mno. Albamu zake zote 9 zilikuja kukusanywa pamoja katika kasha moja mwaka wa 2012, miaka 27 tangu aache kabisa kurekodi. Kitu ambacho hakikuwapo dukani hakiwezi kusemwa kwamba wanunuzi walikikataa.

Mimi mwenyewe niliipata kwa njia ya kaseti iliyonakiliwa, tena imenakiliwa vibaya. Aliyeninakilia alitumia utepe mfupi, na wimbo wa mwisho, Railroad Man, wenye zaidi ya dakika 6, ulikatika katikati, ngoma zikiwa ndiyo kwanza zimeshika njia. Kwa miaka mingi huo ndio wimbo nilioujua, wimbo usio na mwisho, na nilipoupata mzima niliketi chini sakafuni, karibu na spika, nikausikiliza mara tatu mfululizo kabla ya kusogea.

Sasa kuhusu fanki. Nadhani uliitafuta fanki ya James Brown, ile ya tarumbeta zinazogonga na mtu anayelia kwa nguvu, na hapa hutaipata. Hii ni fanki ya watu watatu waliozoeana mpaka hawahitaji kuangaliana: James Gadson kwenye ngoma, Melvin Dunlap kwenye besi na Benorce Blackmon kwenye gitaa, wote wakiwa wametoka katika bendi ya Los Angeles iliyojulikana kama Watts 103rd Street Rhythm Band. Rudi kwenye You, uachane na maneno, umfuate Gadson peke yake. Sikiliza yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, anavyoyagusa kwa kijiti kama mwanamke apepetaye mchele kwenye ungo, mkono mwepesi usiobadilisha mwendo, na kila baada ya muda punje moja inarukia pembeni na kurudi mahali pake. Besi ya Dunlap haiongei mpaka aone nafasi, na ikiisha kusema inanyamaza. Ukimpa mchezaji mzuri wa ngoma wimbo kama huo, kiuno chake kitaanza chenyewe, taratibu, na hakitasimama mpaka uishe; ila ni kweli kwamba hakuna mtu atakayerukia katikati ya ukumbi kwa sekunde tano za mwanzo.

Mgala muue na haki yake umpe, nami nitakupa yako. Make a Smile for Me ina ala za nyuzi nzito kuliko inavyohitaji, na kwa sikio langu Green Grass inapita bila kuacha alama kubwa. Wala sipingi kwamba hakuna humu wimbo wa kuimbwa na darasa zima kama Lean on Me. Lakini nakuomba jambo moja. Uliniandikia siku chache tu baada ya kuipata, na nyimbo hizi si za kusikilizwa mchana katika pilikapilika za dukani. Isikilize usiku, upande mmoja tu, kisha uache. Usiku wa pili ugeuze. Ukifika Heartbreak Road, unaofungua upande wa pili, uniambie kama huo ni wimbo wa huzuni, maana njia anayoitaja ina mashimo kweli, ila anayeipita anatembea kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kuona taa za mji mbele yake.

Mwalimu, nimerithi santuri kama yule binti wa Tudor aliyekuandikia, maana tulizungumza. Zangu zina madoa meupe kama unga uliomwagika, na nikizicheza zinatoa mchakacho mkubwa. Fundi mmoja aliniambia nizisugue kwa spiriti zote. Nifanyeje? (Msomaji wa Kizingo)

Usizisugue zote kwa spiriti, dada yangu, na kama hujaanza, usianze. Yale madoa meupe ni kuvu, na mji wetu huu wenye unyevu wa bahari mwaka mzima ni pepo yake, hasa wakati wa masika, na hasa santuri zikihifadhiwa katika kabati lililoegemea ukuta wa matumbawe.

Kwanza zitenge. Zile nyembamba zinazopindika kidogo, zinazozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, ni za plastiki, na ndizo za aina ya hiyo albamu ya Withers. Zile nzito za zamani zinazozunguka mara 78, ambazo nyumba nyingi za Mji wa Kale zinazo kwa sababu ya taarabu, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao lakiri, na spiriti huuyeyusha utomvu huo. Ukiipaka santuri ya aina hiyo umeifuta sauti, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Kwa zile za plastiki, nunua maji yaliyochujwa madini, yale ya betri yanayouzwa katika vituo vya mafuta, ila uhakikishe kwamba ni maji na si tindikali. Maji ya kisima au ya bomba hapa kwetu yana chumvi, na yakikauka yanaacha chumvi hiyo ndani ya mifereji, ukawa umeondoa kuvu na kuweka mchanga. Tia tone moja tu la sabuni ya maji isiyo na manukato, chukua kitambaa laini kisichotoa nyuzi, na upanguse kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda nje. Karatasi ya katikati isilowe. Suuza kwa maji yale yale bila sabuni, kisha isimamishe kivulini ikauke yenyewe. Kuna santuri zitakazohitaji kuoshwa mara mbili, na kuna ambazo kuvu imekwisha kula mifereji, hizo zitachakacha daima.

Ile mifuko ya karatasi ya ndani itupe, kwa sababu kuvu imo humo na itarudi, lakini majalada yatunze. Yapanguse tu kwa kitambaa kikavu. Zipange wima, mahali penye hewa, mbali na ukuta na mbali na jua. Mtu akizilaza moja juu ya nyingine katika joto la Januari, zote zitapinda. Na kabla hujaweka santuri safi, hakikisha sindano nayo ni safi, kwa sababu sindano yenye uchafu wa santuri tano itaupeleka kwenye ya sita.

Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Likoni, nina miaka 19, na ninatengeneza midundo kwa kompyuta. Sina chombo cha kuchezea santuri, hivyo nimeisikiliza albamu kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya feri. Kuna kitu Gadson anakifanya ambacho mashine yangu haiwezi. Kila nikijaribu kuiga, ngoma zangu zinasikika zimekufa. Nakosea wapi? (Mtengeneza midundo wa Likoni)

Marahaba, mwanangu. Huna unachokosa kwa kusikiliza kwenye simu, ila tafuta spika za masikioni zenye besi nzuri, vinginevyo Dunlap atakupita bila salamu.

Kompyuta inakuwekea kila pigo mahali lilipopaswa kuwa, sawasawa kama vigae vya sakafu, na kila pigo lina nguvu sawa na lililotangulia. Mkono wa mtu haufanyi hivyo. Gadson anapogusa matoazi, pigo moja huwa zito na linalofuata huwa jepesi, na pigo lake la ngoma ndogo linaonekana kuchelewa kidogo mno, kiasi ambacho huwezi kukihesabu lakini mwili unakitambua. Kwa hiyo zima ile kazi ya programu inayonyoosha mapigo, uyapige mwenyewe kwa vidole kwa dakika nzima, na usiyasahihishe. Mengi yatakuwa mabaya. Chagua sehemu fupi ambayo ulipoipiga ulikuwa hufikirii, ujenge juu yake.

La pili ni gumu zaidi kwa kijana, nalo ni kupunguza. Hesabu katika Railroad Man ni mara ngapi vyombo vyote vinapiga kwa pamoja, kisha hesabu katika kazi yako. Withers alipokuwa anarekodi Ain't No Sunshine alirudia maneno yale yale mawili mara 26 kwa kuwa alikuwa hajaandika ubeti wa mahali pale, na alipotaka kuuandika, wenzake studioni wakamwambia auache vile vile. Walikuwa na masikio. Ukiona nafasi tupu katika mdundo wako, subiri siku mbili kabla ya kuijaza.

Usidhani pia kwamba jambo hili liko mbali na kwenu. Slim Ali, mtu wa Mombasa hii hii, aliimba souli kwa ufundi mkubwa pamoja na Hodi Boys katika miaka hiyo ya sabini, na wapo wazee katika mji huu waliopiga ngoma katika kumbi za hoteli za pwani usiku hadi usiku. Mtafute mmoja, umsalimie kwa adabu, umwombe akupigie mdundo mmoja kwa vidole juu ya meza, nawe uurekodi kwenye simu yako hiyo hiyo. Ukiuingiza katika kompyuta, tazama kwenye kioo mahali mapigo yake yalipoangukia, uone yalivyo mbele na nyuma ya mstari. Kisha unitumie kazi yako. Nimekwisha kuzungumza na binti wa Tudor, na santuri yake ikikauka tutaiweka sindano kwenye You, halafu tuweke yako baada yake.